Mbio Huonekana Dakika ya Kwanza

Nimecheza namba mbili miaka mingi, kuanzia timu ya mtaa mpaka ligi ya mkoa, na siku hizi nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 huku Temeke. Beki wa pembeni ana faida moja: kila wiki analetewa mtu mpya wa kumkaba, na kila mmoja anamwachia funzo, alipende asilipende. Kwa hiyo watu wakibishana kijiweni kama mchezaji wa maana ni mwenye mbio au mwenye akili, mimi huwa nauliza swali langu dogo tu: ni nani aliyewahi kukufanya utamani mwamuzi apulize kipenga cha mwisho?

Kwangu mimi, wengi wao hawakuwa na mbio.

Winga mwenye mbio tupu ana dawa yake, na kila beki wa mchangani anaijua. Humvamii. Unamwachia kama mita mbili, unakaa kiubavu, unamfungulia njia ya nje kwenye mstari, na macho yako yanabaki kwenye mpira kwa sababu miguu yake ndiyo inayodanganya. Unamwomba beki wa kati asogee hatua chache nyuma yako. Mwenye mbio anataka uwazi mbele yake. Ukiubana, anabaki na mpira mguuni na hajui aupeleke wapi. Atausukuma mbele, utatoka nje, utakuwa wa kurusha au kona. Dakika ya 60 anashika kiuno. Nimewakaba vijana waliokuwa wakisifiwa mkoa mzima kwa mbio zao, nikatoka uwanjani jezi imejaa vumbi lakini roho imetulia.

Aliyenitesa alikuwa fundi cherehani. Mtu mzima, amevuka arobaini, kitambi kimeanza kuchungulia chini ya jezi, anacheza namba kumi kwenye timu ya wafanyabiashara wa soko. Tulikutana nao kwenye ndondo moja ya mtaani, na kabla ya mechi kocha wetu akanipiga begani: "Leo umepumzika, upande wako anakuja mzee."

Mpira wa kwanza alioupata mbele yangu aliupokea akiwa amegeuka nusu, kifua kinaelekea katikati ya uwanja, soli ya kiatu juu ya mpira. Akasimama. Nikasimama. Mashabiki wakaanza kucheka, wakidhani mzee kaishiwa pumzi mapema. Nikaona aibu kumtazama mtu aliyesimama, nikanyanyua mguu niupokonye mpira. Ule mguu wangu ulipotoka tu ardhini, mpira ukapita palepale ulipokuwa umekanyaga, ukamkuta beki wao wa kushoto aliyekuwa anapanda mbio nyuma yangu. Mimi hata sikujua kwamba beki yule anapanda. Yeye alijua, na kumbe ile kusimama kote alikuwa anamsubiri.

Mara ya pili nikasema sinyanyui mguu ng'o. Akautoa mpira kwa kiungo wake, pasi ya mita tano isiyo na maana yoyote, kisha akatembea. Alitembea, hakukimbia, hatua chache tu mpaka nyuma ya bega langu la kulia, mahali ambapo nikiangalia mpira simwoni yeye, na nikimwangalia yeye siuoni mpira. Niligeuza shingo mara moja kumtafuta, na mpira ukapita wakati huohuo. Kufikia kipindi cha pili nilishajua atakachofanya, na bado kilifanikiwa. Walitufunga 3-1, mabao mawili yakaanzia kwangu. Sidhani kama mzee yule alikimbia kwa nguvu zake zote hata mara tatu.

Baada ya mechi nilimkuta anakunywa maji ya kandoro chini ya mwembe, nikamsogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, dogo. Umecheza vizuri."

"Mzee usinitanie."

Akacheka. "Sikutanii. Mguu unao. Ila unautazama mpira ukiwa njiani unakuja. Ukishapigwa umeshapigwa, hautabadili safari. Watazame wanaokuzunguka." Akanywa tena, akafuta mdomo kwa jezi. "Mimi ujana wangu nilikuwa na mbio kuliko wewe na wale mawinga wenu wote. Goti lilipokufa ndipo nikaanza kuuona uwanja."

Maneno yale ya mwisho nilikuja kuyaelewa nilipoanza kufundisha. Siku ile nilichokumbuka zaidi ni shingo yake. Kabla ya kila mpira kumfikia alikuwa ameshageuka kushoto na kulia, haraka haraka, kama mtu anayevuka Barabara ya Kilwa. Baadaye nikaja kusoma kwamba Profesa Geir Jordet wa Norway amefanya kazi ya kuhesabu jambo hilohilo kwa wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza: mara ngapi mtu anageuza kichwa kabla ya kupokea mpira. Wanaotazama zaidi ndio ambao pasi zao zinafika zaidi. Fundi wetu wa cherehani hakuwa na habari za profesa yeyote.

Nilipopata saa ya kupimia nikafanya hesabu yangu mwenyewe. Chukua watoto wawili wa miaka 14, mmoja ana mbio za kusifiwa, mwingine wa kawaida, washindanishe mita kumi. Mpirani mbio nyingi zinazoamua jambo ni za umbali huo, kumi, kumi na tano, nadra kufika thelathini. Tofauti yao haifiki nusu sekunde. Kwa hiyo yule wa kawaida akisoma pasi inakwenda wapi na akaondoka nusu sekunde kabla ya mwenzake, anafika wa kwanza, na walioko jukwaani watasema huyu ana mbio. Johan Cruyff, gwiji wa soka wa Uholanzi, alishalisema hili zamani, kwamba waandishi huchanganya mbio na kuona mapema, kwa kuwa anayeanza kukimbia kabla ya wenzake lazima aonekane mwepesi. Mtazame Mbwana Samatta wetu pale Wembley, Machi 1, 2020, fainali ya Kombe la Ligi, Aston Villa na Manchester City. Krosi ya Anwar El Ghazi, Samatta anajitupa kwa kichwa, bao. Pale hapakuwa na mashindano ya riadha. Villa walilala 2-1, lakini kijana wa Mbagala alifunga Wembley kwa sababu alijua mpira utatua wapi.

Na kama mbio peke yake zingekuwa mpira, Usain Bolt angemaliza ubishi huu. Mtu aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 pale Berlin mwaka 2009 alikwenda Australia mwaka 2018 kujaribiwa na Central Coast Mariners. Alifunga mabao mawili kwenye mechi ya kirafiki, na Novemba akaondoka bila mkataba wa kuchezea timu hiyo. Mfano huu una kasoro, nakubali: alikuwa na miaka 32 na hakukulia kwenye akademia. Ila wanaoamini kwamba mpira unaweza kufundishwa juu ya mbio wakati wowote, wautafakari.

Sasa nisije nikaonekana mtu wa kudharau mbio. Mimi ni beki, naijua hofu yake. Ukicheza na mtu mwenye kasi ya kweli, hata asipogusa mpira ameshakubadilisha: unarudi nyuma mita tano bila kuambiwa, beki wa kati anarudi na wewe, viungo wenu wanabaki mbele, na katikati panafunguka shamba la watu kucheza wanavyotaka. Siku Ufaransa walipocheza na Argentina kule Kazan, Juni 30, 2018, Kylian Mbappé alikuwa na miaka 19. Aliuchukua mpira nusu ya uwanja wa kwao mapema kabisa kipindi cha kwanza, akapita kati ya watu wazima mpaka Marcos Rojo akamwangusha ndani ya boksi. Griezmann akafunga tuta. Baadaye Mbappé akafunga mawili ndani ya dakika nne, Ufaransa wakashinda 4-3. Hakuna kusoma mchezo kunakoweza kukusaidia ukiwa nyuma ya mtu kama yule na yeye ameshakupita kwa mita moja. Hiyo ndiyo bei ya kukosea mbele yake, na beki yeyote akijua bei hiyo anacheza kwa woga tangu mwanzo.

Hapa nyumbani tulibahatika kuona vyote viwili ndani ya jezi moja. Simba ya msimu wa 2020/21 ilikuwa na Luis Miquissone kutoka Msumbiji na Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka. Luis akipewa mpira pembeni, jukwaa la Mkapa lilinyanyuka kabla hajaanza kukimbia. Chama akipewa mpira, jukwaa lilitulia kidogo, watu wanasubiri ameona nini. Na ukikaa na mashabiki wanaolalamika, malalamiko hayakumwendea Luis hata akipoteza mipira mitano mfululizo, maana alionekana anajituma. Yalimwendea Chama: anatembea, hakabi, mvivu. Walisahau Machi 16, 2019, mechi ya AS Vita ambayo sare isingetosha, dakika za lala salama, na aliyejikuta mahali sahihi kufunga la pili na kuipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ni huyohuyo anayetembea. Na msimu ule wa 2020/21 mfungaji bora wa ligi alikuwa nahodha John Bocco, mabao 16, mtu wa zaidi ya miaka 30 ambaye sijawahi kusikia shabiki akimsifia kwa mbio.

Wawili wale waliondoka mwaka 2021, Luis akaenda Al Ahly, Chama akaenda RS Berkane. Wote walirudi Msimbazi, Chama Januari 2022, Luis 2023. Kwa macho yangu Chama alirudi yuleyule. Luis tuliyemwona mara ya pili hakuwa yule aliyekuwa akinyanyua jukwaa, na ile hatua ya kwanza ilipopungua kidogo tu, mabeki wakaanza kufika.

Lakini ubishi wa kijiweni mimi haunikoseshi usingizi. Kinachonikera ni siku ya majaribio ya watoto.

Majaribio yetu mengi yako hivi: asubuhi ya Jumamosi wanakuja watoto wengi kuliko jezi, wanagawanywa timu, kila kundi linacheza dakika 20 hivi, makocha wamekaa kwenye benchi na daftari. Dakika 20 ni kidogo mno. Mtoto asiye na bahati anagusa mpira mara nne. Ndani ya muda huo mbio zinajionyesha zenyewe. Anayempita mwenzake mara moja anaandikwa. Akili ya mpira haionekani hivyo. Ili ujue kwamba mtoto huyu anachagua pasi nzuri lazima uone pasi aliyoiacha, na ili uone pasi aliyoiacha lazima uwe umemwangalia yeye wakati mpira uko upande wa pili. Ni kazi ya mechi nne au tano. Nani ana subira hiyo juani, na chai haijafika?

Halafu kuna suala la umri, ambalo wengi hulipitia juu juu. Kalenda ya FIFA inaanzia Januari 1. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba mwaka huohuo wanahesabiwa rika moja, na katika miaka 13 au 14 miezi kumi na moja ni mwili mwingine kabisa: mapaja, mapafu, urefu wa hatua. Tafiti za nchi nyingi zimekuta akademia zimejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Kwetu ongeza vijeba. Kuna mtoto wa U-15 anayekuja na ndevu zilizonyolewa asubuhi hiyohiyo, na mimi kocha wa mtaa sina kipimo. FIFA walianza kupima umri kwa picha za MRI za vifundo vya mikono kwenye Kombe la Dunia la U-17 mwaka 2009; mimi nina cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nane. Kwa hiyo mara nyingi mbio tunazozichagua ni umri tu uliojificha ndani ya kaptura. Miaka mitatu baadaye wenzake wanakua, wanamfikia, na yeye hana kingine.

Na uwanja wenyewe unatusaidia kuchagua vibaya. Watu hawalisemi hili. Uwanja wetu una kokoto upande wa goli la juu, na katikati kuna njia ya mkato ya watu wanaokwenda dukani. Mpira hautambai, unarukaruka. Mtoto anayetaka kuinua kichwa atazame kabla ya kupokea, mpira unamgonga ugoko na kwenda nje, na anazomewa. Basi anajifunza kuinamisha kichwa. Pasi ya chini ya mita kumi haifiki salama, kwa hiyo kila mtu anaupiga juu, na anayeupata mpira wa juu ulioangukia nyuma ya mabeki ni mwenye mbio. Tunasema mbio zinashinda mechi, na ni kweli, zinashinda mechi za uwanja ule. Niliwahi kuwapeleka watoto wangu Karume, Ilala, kwenye nyasi bandia. Ndani ya robo saa mtoto mfupi ambaye mtaani alikuwa sabu wa kudumu alianza kucheza kama vile uwanja ni wa baba yake. Mguu wake ulikuwa uleule wa siku zote. Kilichobadilika ni kwamba mpira ulikuwa unafika pale anapoutarajia, kwa hiyo macho yake yakawa huru.

Mtoto huyo na mwingine, wa winga, ndio walionifundisha zaidi tangu nitundike daluga. Wa winga alikuwa na mbio za ajabu. Mechi za mtaa alikuwa anausukuma mpira mbele, anaukimbilia, anafunga, basi. Nilipomwuliza kwa nini hakutoa pasi kwa mwenzake aliyekuwa peke yake, alinijibu kwa adabu zote, "Mwalimu, sikumwona." Na alikuwa mkweli. Hakuwa na sababu ya kumwona. Tangu ana miaka tisa, kila tatizo uwanjani lilikuwa linatatuliwa na miguu yake. Macho hayakupewa kazi. Hapo ndipo yalinirudia maneno ya yule mzee kuhusu goti.

Mfupi naye alikuwa na historia nyingine. Akijaribu kumpita mtu kwa mbio anapokonywa, kwa hiyo tangu mdogo alilazimika kutafuta njia: autoe mpira kabla hajafikiwa, asimame mahali ambapo hawamfikii, amtumie mwenzake kama ukuta. Wenzake walimwona mwoga. Mimi nilimwona anafanya kila siku mazoezi ambayo yule wa winga hajawahi kuyafanya.

Nilichofanya si kitu cha kitabuni. Niliweka vizibo vya soda nikachora kiwanja kidogo, watu wanne kwa wanne, kidogo kiasi kwamba ukiusukuma mpira mbele umeshatoka nje. Mbio zikakosa pa kukimbilia. Halafu nikaongeza sharti: kabla ya mpira kukufikia, mimi niko nyuma yako nimenyoosha vidole, na lazima utaje ni vingapi. Usipotaja, mpira unakwenda kwa wapinzani. Siku za mwanzo yule wa winga alikuwa anakaribia kulia. Alikuwa anataja namba kwa kubahatisha, wenzake wanacheka, anakasirika, anaupiga mpira mpaka kwa majirani. Mfupi alikuwa anataja bila kuhangaika, na mara nyingine ananiambia, "Viwili, mwalimu, na beki wao amefungua miguu."

Mfupi naye nilimpeleka kwenye uwanja mkubwa, kwa sababu kusifia akili kusiwe kisingizio cha kutokimbia. Kasi huwezi kuizaa upya, ila hatua tatu za kwanza zinaboreka: mlima mfupi, mbio za mita tano, kuruka kwa mguu mmoja, kuondoka ukiwa umelala chini. Akapungua uzito wa kuondoka. Hajawa mwenye mbio na hatakuwa, lakini sasa akishaona, anafika.

Nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2022, Argentina na Croatia, ilichezwa usiku, watoto wangu wengi walikuwa wamelala. Kesho yake mwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu alituwekea marudio bure. Lile bao la tatu, dakika ya 69. Joško Gvardiol ana miaka 20, mrefu, ana nguvu, ana mbio, amevaa barakoa nyeusi usoni, na alikuwa mmoja wa mabeki bora wa mashindano yale. Lionel Messi ana miaka 35. Messi anaupata mpira upande wa kulia, anakwenda, Gvardiol anamganda ubavuni mpaka ndani ya boksi, kisha mpira unatolewa nyuma kwa Julián Álvarez, bao. Nikawauliza: mmeona nini?

"Kamkimbiza, mwalimu."

"Tuangalie tena."

Mwenye kibanda akarudisha. Wa winga, ambaye kawaida hakai kimya, alikuwa amesogea mpaka karibu na skrini. Mara ya tatu akasema, "Amesimama."

"Nani?"

"Messi. Amesimama hapa." Akagusa skrini kwa kidole, mwenye kibanda akafoka. "Yule akasimama naye. Akaondoka tena kabla yule hajaondoka. Na hapa tena, kampa mgongo, kageuka."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye mbio zilizonyooka Gvardiol angemfikia. Messi hakumpa mbio zilizonyooka. Alimpa kuanza na kusimama, na kila kuanza yeye ndiye aliyechagua saa. Beki anaumia zaidi kwenye breki kuliko kwenye mwendo, nalijua hilo kwa magoti yangu mwenyewe. Nilichofurahia ni kwamba aliyeliona ni yule wa mbio, na hakuambiwa.

Baba yake hakufurahishwa na hizi habari. Alikuja mazoezini jioni moja, akanisalimia vizuri, tukasogea pembeni.

"Mwalimu, mwanangu ana kipaji cha mbio. Naona unampunguza."

Nilimwelewa. Anayekuja kutafuta mchezaji mtaani anatafuta winga, na mzee amesikia kiasi cha pesa kinachotajwa. Nikamweleza habari za Michael Owen: miaka 18, Juni 1998 pale Saint-Étienne, anawakimbia mabeki wa Argentina na kufunga bao ambalo Uingereza wanalionyesha mpaka leo. Aprili 1999, kwenye mechi na Leeds, msuli wa nyuma ya paja ukachanika. Aliendelea kufunga, mwaka 2001 akapewa Ballon d'Or, lakini mwenyewe amekiri kwamba kasi ile haikurudi. Kisha nikamweleza Ryan Giggs, naye winga wa mbio, naye msuli huohuo ulimsumbua ujana wake. Alisogea taratibu kuelekea katikati ya uwanja, akajifunza kutoa mpira mapema, na akacheza Manchester United mpaka 2014, akiwa na miaka 40.

Mzee akasikiliza. "Sasa unataka acheze namba ngapi?"

"Jumapili atacheza namba kumi na moja kama kawaida, baba. Siwezi kumtoa, tutafungwa. Siku za mazoezi namchezesha namba nane, katikati, palipo na watu wengi."

"Na yule mfupi?"

"Huyo anacheza nane Jumapili. Ndiye anayempa mwanao pasi."

Akamtazama mfupi kwa mara ya kwanza, nadhani. Wakati huo mtoto alikuwa amesimama na mpira mguuni, hafanyi chochote, na wa winga alikuwa ameanza kuondoka nyuma ya beki. Mzee akaniuliza kama yule mtoto ana tatizo la miguu, mbona haendi. Nikamwambia asubiri kidogo.